Doa Katika Ini Si Hukumu



Mtu akiisoma karatasi ya altrasaundi na kukuta imeandikwa kuwa ana uvimbe katika ini, huikunja akaificha, na nyumba ikaanza matanga kabla ya msiba. Twawanasihi ndugu zetu: karatasi hiyo haijamaliza maneno, ndiyo kwanza imeyaanza.

Uvimbe mwingi unaoonekana kwa bahati katika ini la mtu asiye na maradhi ya ini si saratani. Huenda ukawa mfuko wa maji, au hemangioma, yaani fundo la mishipa ya damu, ambalo mtu huishi nalo umri wake wote pasi na madhara. Altrasaundi huliona doa, lakini mara nyingi haiwezi kulitaja jina. Ndipo daktari huagiza picha ya CT au MRI, na mgonjwa akatiwa dawa mshipani ili mwendo wa damu uonekane.

Ini hupata damu kwa njia mbili. Robo tatu hivi huletwa na mshipa utokao matumboni, na iliyobaki huletwa na ateri. Saratani iliyoanzia katika ini hujilisha zaidi kwa ateri; kwa hivyo hung'aa mapema, kisha ikafifia kabla ya ini lenyewe. Hemangioma huanza kung'aa pembezoni, ikajaa polepole kuelekea kati. Mfuko wa maji haung'ai kabisa. Kwa mwenye makovu ya ini au homa ya ini aina ya B iliyodumu, sura hiyo ya saratani katika doa la sentimita 1 au zaidi yaweza kumtosha daktari, bila ya kutoa kinyama kwa sindano.

Wenye hali hizo wasingojee maumivu, kwani saratani ya ini huanza kimya. Wamuulize daktari kuhusu altrasaundi ya kila miezi 6, ambayo huweza kulikuta doa lingali dogo na tiba ingalipo. Mwenye ugonjwa wa figo, mja mzito, na aliyewahi kudhuriwa na dawa ya picha, waseme mapema.

Jamaa hawashindwi kuchangishana kwa mazishi. Basi na tuchangishane kwa kipimo cha pili, mgonjwa angali hai.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Aamin.