Nabii Amosi na vijana wanaofunza mashine



Leo ni Dominika ya 25 ya Mwaka C. Ukifika Misani utasikia somo la kwanza kutoka kwa nabii Amosi, sura ya 8, aya ya 4 hadi ya 7. Ni somo fupi. Lisikilize vizuri hata kama mtoto anakusumbua kwenye benchi, kwa sababu linahusu mshahara wa watu unaowajua.

Amosi hakusomea unabii. Alikuwa mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, akatoka kusini kwenda kuhubiri katika ufalme wa kaskazini wakati wa Mfalme Yeroboamu wa Pili, karne ya nane kabla ya Kristo. Biashara ilikuwa imenawiri. (Sisi tuliokaa seminari miaka mingi huona shida kusema waziwazi kama yeye.) Aliwaona wafanyabiashara waliokuwa wakiiona Sabato ndefu, wakingoja iishe ili wafungue maghala. Kipimo cha kumpimia mtu nafaka walikipunguza, na jiwe la kupimia fedha yake wakaliongeza uzito. Makapi nayo waliyauza. Na maskini mwenyewe wakamnunua kwa bei ya jozi ya viatu.

Katika upadre wangu nimelihubiri somo hili mara nyingi, na kila mara nimewasema wenye maduka wanaochezea mizani. Mwaka huu nimeshindwa kuishia hapo.

Miezi michache iliyopita alikuja ofisini kwangu msichana mmoja wa parokia yetu. Aliwahi kuimba sauti ya kwanza katika kwaya, kisha akapotea Jumapili baada ya Jumapili, na nilikuwa nimejiandaa kumkemea kidogo. Hakuja kuungama. Alikuja na swali, na amenikubalia niliandike hapa bila kutaja jina lake wala kampuni yake.

"Padre," aliniuliza, "mtu akitazama dhambi usiku kucha kwa sababu ndiyo kazi yake, anatakiwa kuziungama?"

Kazi yake ni kusoma maandishi na kutazama picha na video ili mashine ifunzwe kuvikataa vitu vya namna hiyo. Mtu akikatwa kwa panga. Mtoto akinajisiwa. Kila kipande anakiwekea alama: hiki ni ukatili, hiki ni matusi, hiki kinahusu watoto. Akimaliza kimoja kinakuja kingine, na saa inahesabu. Akifika nyumbani asubuhi hali nyama tena. Mdogo wake wa miaka minne akitaka kumkumbatia, anamsukuma, kisha anaingia chooni kulia.

Nilimpa jibu la haraka. Nilimwambia asali rozari kabla ya kulala, halafu aiache kazi ile. Alinitazama kwa heshima, kama vijana wetu walivyofundishwa, akasema polepole: "Padre, karo ya ndugu yangu wa Kidato cha Tatu utalipa wewe?"

Nilinyamaza. Baadaye ndipo nilipoweza kumjibu swali lake la kwanza: hapana, binti yangu, hiyo si dhambi yako. Anayelazimika kutazama uovu ili wengine wasiuone amejeruhiwa, na jeraha haliungamwi. Ila katika jambo hili dhambi ipo mahali fulani, na ni wajibu wetu kuitafuta.

Tunaambiwa kwamba akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, hujifunza yenyewe. Hata mimi niliamini hivyo. Mtoto wa katekista alinionyesha programu hiyo kwenye simu, nikaiomba inisaidie kuandika barua ya parokia, ikaandika kwa adabu kuliko katibu wangu. Sikujiuliza adabu ile ilitoka wapi. Programu ya ChatGPT ilizinduliwa Novemba 2022. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani likaeleza jinsi kampuni ya OpenAI ilivyotoa kandarasi kwa kampuni iitwayo Sama, na vijana wa hapa Nairobi wakasoma maelezo ya mauaji, mateso na unajisi, wakiyawekea alama ili mashine ijue yasiyosemeka. Mkononi walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hiyo ni kama Sh160 hadi Sh250. Kandarasi yenyewe ilitaja dola 12.50 kwa saa.

Sama ilijitetea kwamba zile dola 12.50 zilikuwa za gharama zote, zikiwemo za ofisi na mishahara ya wasimamizi. Ni haki kuwasikiliza, kwa maana hakuna ofisi isiyo na gharama. Lakini weka dola 12.50 upande mmoja wa mizani na dola 2 upande wa pili, kisha umkumbuke Amosi na kile kipimo kilichopunguzwa. Na usisahau kwamba anayebeba picha zile kichwani hadi nyumbani ni yule wa dola 2.

Wapo watakaoniambia kwamba hakuna aliyeshurutishwa, vijana walitia saini wenyewe, na Sh200 kwa saa ni afadhali kuliko kukaa bure kijiweni. Hoja hiyo ni ya zamani. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliijibu mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mtu anayekubali ujira duni kwa kuogopa njaa ametendewa jeuri. Baba Mtakatifu wetu wa sasa, siku mbili baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichukua jina la Leo hasa kwa kumkumbuka papa huyo, na akaitaja akili unde kuwa miongoni mwa mambo yanayoleta changamoto mpya kwa haki, kazi na utu wa binadamu.

Madhara ya kazi hizi nayo si hadithi tena. Wapo vijana waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook hapa Nairobi, na 184 kati yao walikwenda mahakamani mwaka 2023. Meta, mwenye Facebook, alidai hawezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema anaweza. Desemba mwaka huohuo ziliwasilishwa mahakamani ripoti za daktari kwamba zaidi ya 140 kati ya waliopimwa wana ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe, ule tuliozoea kuusikia kwa wanajeshi waliotoka vitani. Mwaka huohuo wa 2024 Seneti yetu ikaletewa mswada wenye kifungu cha kuikinga kampuni ya nje inayotoa kazi, isishtakiwe na vijana walioifanya kupitia kampuni ya hapa. Waheshimiwa wengi huketi viti vya mbele kanisani. Leo na wasikie Amosi akisomwa.

Lakini nisimalizie hasira yote kwa wageni. Wako wazawa, na huenda wewe msomaji ni mmoja wao, wenye akaunti za kazi za mtandaoni walizofungua mapema, nao huwakodishia vijana ambao hawana. Kijana anafanya kazi usiku, malipo yanaingia kwa mwenye akaunti, naye anakata nusu au zaidi kabla ya kumtumia kwa M-Pesa. Wakati mwingine hatumi kabisa, akijua kijana hana pa kushtaki. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilipoufunga mlango wake kwa Wakenya, nilisikia wengi wakilia kwa haki juu ya ukatili wa Wamarekani. Baadhi ya waliolia walikuwa na madeni ya vijana wao wenyewe. Ndugu yangu, Zaburi na sadaka havifuti deni hilo. Lilipe.

Wala sisemi kazi hizi zifungwe. Nimebariki nyumba zilizojengwa kwa kazi ya mtandaoni, na nimewaona wasichana wakiepuka mambo mabaya zaidi kwa sababu walikuwa na kompyuta na pa kuitumia. Ninachokitaka ni ujira unaolingana na mzigo, daktari wa akili anayelipwa na mwenye kazi, na zamu zinazomwachia mtu siku moja ya kupumzika. Amosi aliwalaumu walioichukia Sabato. Yule msichana hupangiwa zamu ya Jumamosi usiku hadi Jumapili asubuhi, na mimi nilikuwa nimepanga kumkemea kwa utoro.

Jambo moja bado linanisumbua. Alipoanza kazi alitia saini karatasi ya kutomwambia mtu yeyote anachokiona, hata mama yake. Mimi padre nafahamu kiapo cha siri. Nitakufa na siri za kitubio. Lakini siri ya kitubio imewekwa ili aliyeelemewa apate pa kuutua mzigo wake. Karatasi ile inamfunga mdomo yeye aliyeelemewa. Mama yake anadhani binti amekuwa na majivuno ya mshahara wa ofisini, na hawasemezani vizuri tangu Pasaka.

Wazazi, kama mnaye kijana nyumbani anayefanya kazi usiku kwenye kompyuta na amebadilika, msianze na maswali ya kazi. Mpeni chakula, mkae naye. Katika parokia yetu tumempata mshauri mmoja, mwanamama aliyesomea mambo ya kiwewe, anayekaa ofisini kila Jumanne jioni bila malipo. Wiki tatu za kwanza hakuja mtu. Sasa wanakuja, wengine kutoka parokia za jirani, na tumehamisha mkutano wa kamati ya ujenzi ili wapate chumba.

Kabla hajaondoka siku ile nilimuuliza msichana kama angependa nimtaje katika nia za Misa, jina lake lisomwe pamoja na wagonjwa wengine. Alifikiri, akatikisa kichwa. Huenda kuna mtu wa kazini anayesali hapo. Basi leo katika Misa ya pili, baada ya majina ya marehemu na ya wanaofanya mitihani, msomaji wetu atasoma "na kwa nia ya pekee," nasi tutaitikia kama kawaida. Yeye wakati huo atakuwa ndani ya matatu akitoka zamu.