Fundi hakuiua TV yako, imeuawa na ile namba 100

Leo siandiki juu ya programu wala simu. Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia. Nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia hata ofisini kutoka kwa watu wenye digrii za uhandisi: "TV ikishafunguliwa na fundi, hiyo basi imekwisha." Yaani tumekubaliana kuwa bisibisi ya fundi ina sumu. TV inarudi nyumbani, inawaka miezi mitatu, inazima tena, na mwenyewe anafunga safari kwenda kumtukana fundi mbele ya wateja wake. Huo ni uonevu, na nitaeleza kwa nini. Sisemi mafundi wote ni malaika. Nao nitawafikia huko chini, wasianze kushangilia mapema.

Kwanza tuelewane ni ugonjwa gani tunaozungumzia. Hizi TV bapa zilizojaa nyumbani kwetu, hasa tangu Kenya izime matangazo ya analogi mwaka 2015, huandikwa "LED" kwenye boksi, na neno hilo limepotosha watu. Picha haitengenezwi na LED. Picha iko kwenye kioo cha LCD, na kioo hicho hakitoi mwanga wowote chenyewe, ni kama pazia la rangi. Nyuma yake kuna vijitaa vya LED vilivyopangwa juu ya vibamba virefu vyembamba ambavyo mafundi huviita stripu. Vijitaa hivyo vimeungwa kama shanga kwenye uzi mmoja: umeme lazima upite kwa kimoja ndipo ufike kwa kinachofuata. Kimoja kikikatika, uzi wote unazima, na sakiti inayoviendesha ikigundua kasoro inajizima pia. Matokeo yake unayajua. Sauti ipo, habari zinasomwa, kioo giza totoro. Siku ikikutokea, zima taa ya chumba, chukua tochi ya simu, imulike karibu kabisa na kioo kwa kuiinamisha upande. Ukiona picha hafifu inacheza huko ndani, TV yako haijafa. Imeishiwa taa tu.

Taa hizo huuawa na joto. Kijitaa kinaendeshwa na mkondo wa umeme, na kadiri unavyokisukuma ndivyo kinavyochemka. Joto linachosha ule unga wa njano unaogeuza mwanga wa buluu kuwa mweupe, ndiyo maana TV iliyozeeka picha yake huelekea zambarau. Joto linalegeza gundi ya vilenzi vilivyobandikwa juu ya vijitaa, kilenzi kinadondoka, nawe unaona doa jeupe kama mbalamwezi katikati ya uso wa mtangazaji. Mwisho wake kijitaa kinakatika. Na kapasita za kwenye bodi ya umeme zinaoka pamoja nacho. Wahandisi wana hesabu ya haraka kwamba kapasita ya aina hiyo ikipunguziwa joto kwa nyuzi 10, maisha yake hukaribia kuongezeka mara mbili.

Haya, ni nani anayeamua vijitaa visukumwe kiasi gani? Ni namba iliyo kwenye menyu. Na hapa ndipo ninapokasirika kama mtu ninayekula kwa kuandika programu. Katika kazi yetu kila mtu anajua kuwa watumiaji wengi hawagusi mipangilio. Namba utakayoiweka mwanzoni ndiyo wataishi nayo mpaka kifaa kitupwe. Kwa hiyo anayeweka 100 mwanzoni hawezi kujitetea kuwa mteja alikuwa na uhuru wa kubadilisha. Ameshaamua kwa niaba yake, na anajua kuwa ameamua.

Kisa cha 100 ni duka. Simama siku moja mbele ya maduka ya Barabara ya Luthuli pale Nairobi, uone TV ishirini zimepangwa ukutani chini ya taa kali. Inayong'aa zaidi ndiyo inayonunuliwa. Ndiyo maana TV mpya ikiwashwa mara ya kwanza huuliza iko nyumbani au dukani, "Home" au "Store". Muuzaji anayekujaribishia kabla ya kufunga boksi ana haraka, anabonyeza lolote. Ikiwa amebonyeza "Store", utaipeleka nyumbani kwako ikiwa bado inajiona iko dukani: mwangaza juu kabisa, rangi za kupiga kelele, na ukijaribu kupunguza, baada ya muda inajirudishia yenyewe. Nimekuta TV ya namna hiyo ndani ya chumba cha futi 10 kwa 10, watoto wameketi hatua mbili kutoka kwenye kioo, macho yanawatoka machozi, na mama yao akifikiri ndivyo zilivyo TV za kisasa.

Hata ukiwa mjanja ukaingia kwenye menyu, wamekutegea mtego mwingine. Katika TV nyingi kuna "Backlight" na kuna "Brightness". Mtu wa kawaida anayetaka kupunguza mwangaza atagusa "Brightness", sivyo? Kwenye TV nyingi za zamani kidogo hiyo haigusi taa hata kidogo. Inabadilisha tu weusi wa picha, unabaki na picha chafu huku taa za nyuma zikiendelea kuungua kwa 100 vilevile. Kisha watengenezaji wengine wakageuza: kwenye TV za Sony za miaka hii, na Samsung mpya pia, "Brightness" sasa ndiyo taa yenyewe. Neno moja, maana mbili, kutegemea mwaka na kampuni. Mwanafunzi wangu akinipa kazi kama hiyo ninamrudishia.

Jinsi ya kujua: fungua picha nyeusi au giza la filamu, kisha punguza ile namba. Kama nyeupe na nyeusi zote zinafifia kwa pamoja, umeshika taa. Kama nyeusi zinazama na kumeza nywele na nguo za watu, umeshika kitu kingine, rudisha.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Mteja ameleta TV iliyokufa taa. Fundi mzuri anabadilisha stripu zote kwa pamoja. Fundi wa haraka anatafuta kijitaa kimoja kilichokufa, anakibadilisha hicho tu, au anakirukisha kwa kipande cha waya na kioo kinabaki na kiwingu. Mteja naye ndiye aliyesema "fanya tu iwake, sina pesa", kwa hiyo lawama tugawane. Kijitaa kipya kinakaa kwenye uzi mmoja na wazee wenzake waliopitia joto lilelile kwa miaka. Mwezi ujao mmoja wa wazee anakatika. Huyo hakuuawa na bisibisi, alikuwa njiani.

Lakini hata aliyebadilisha zote, TV ikitoka kwake imerudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, au imewekewa bodi nyingine ambayo haijui chochote kuhusu nyumba yako. Yaani imerudi 100. Stripu mpya, mara nyingi za kuiga na si za kiwanda kilichotengeneza TV, zinapelekwa moja kwa moja kwenye moto uleule uliochoma za kwanza. Na fundi anakukabidhi, anapokea pesa, anakuambia "iko sawa boss". Hapo ndipo nina ugomvi nanyi mafundi. Mnajua. Wengi wenu mnajua hata zaidi: kwenye bodi kuna resista ndogo zinazopima mkondo wa taa, mara nyingi mbili au tatu sambamba, na ukiondoa moja sakiti huona mkondo umezidi, ikaupunguza yenyewe. Wapo mafundi wanaofanya hivyo kwa kila TV bila kuombwa, na mwenye TV hata hatambui tofauti, kwa sababu jicho halihesabu mwanga kama mita inavyohesabu. (Msomaji usijaribu mwenyewe. Kapasita kubwa ya bodi hiyo hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya.) Wengine mnanyamaza, kwa sababu TV inayorudi baada ya miezi minne ni chakula cha miezi minne ijayo. Mkitukanwa msishangae.

Hata hivyo, fundi amekuta moto umeshawashwa. Mkosaji mkubwa ni kiwanda, na ninao ushahidi kuwa kinaweza kufanya vinginevyo kikitaka. Umoja wa Ulaya una kanuni za matumizi ya umeme za TV, za mwaka 2019, zilizoanza kutumika Machi 2021. TV inapimwa ikiwa katika hali inayopendekezwa na kiwanda mwanzoni. Ghafla kampuni zilezile zikajua kuweka mwangaza wa kiasi tangu mwanzo kwa wateja wa huko. Kwa hiyo uwezo upo, na menyu ni ileile.

Kanuni hizo pia zinawalazimisha kuwauzia mafundi vipuri kwa angalau miaka 7 baada ya TV ya mwisho ya toleo hilo kuingia sokoni, na kutoa programu mpya kwa miaka 8. Safi sana. Lakini soma orodha ya vipuri vyenyewe: bodi ya umeme, viunganishi, kapasita, betri. Stripu za taa hazimo! Kitu kinachoongoza kwa kuua hizi TV ndicho kilichoachwa nje, hata kwa wenzetu wenye sheria kali. Kwetu Kenya tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayosema mtengenezaji na mwagizaji wabebe mzigo wa bidhaa zao zikishakuwa taka. Vizuri. Ningependa mzigo huo uanze mapema kidogo, kabla TV haijafika Dandora.

Najua mtaniandikia kuhusu stima, maana Mkenya akiharibikiwa na chochote husema ni stima. Stima inaua, sikatai. Waya wa nyutro ukikatika mtaani, nyumba inayostahili volti 240 inaweza kupokea karibu na 400, na hapo TV gadi yako inapata thamani yake. Mkiwa Kisii au Kakamega, radi ikianza chomoeni TV ukutani pamoja na waya wa antena au wa dishi, kwa kuwa radi haiulizi imeingilia tundu gani, na gadi haiizuii. Ila stima kuwa hafifu, ile inayofanya balbu zififie jioni, TV nyingi za sasa hazijali. Geuza yako uangalie nyuma: ikiwa imeandikwa 100-240V, imetengenezwa kuvumilia hayo. Watu wananunua gadi mbili, moja ya ukutani na nyingine ya waya, kisha wanaacha taa kwenye 100 kwa saa kumi kwa siku. Hizo ni saa 3,650 kwa mwaka.

Na nyingi ya saa hizo hakuna anayetazama. TV inaimba nyimbo za injili tangu alfajiri, watu wako jikoni. Menyu nyingi zina "Picture Off" au "Screen Off": taa zinazima, sauti inaendelea. Itumieni. Kile kitambaa cha kufuma kilichofunika matundu ya hewa kwa juu kitoeni pia, najua ni zawadi ya harusi, kiwekeni kwenye kochi. Kioo msikipulizie maji. Maji yanateremka mpaka ukingo wa chini, ambako kuna nyaya bapa nyembamba zinazolisha kioo, na hizo zikiharibika mara nyingi bei ya kioo hukaribia bei ya TV mpya. Lowesha kitambaa laini kidogo tu, TV ikiwa imezimwa. Na unapoitoa kwa fundi kwa bodaboda, ishikwe ikiwa imesimama, isilazwe kama meza. Nimeona kioo kimepasuka mita mia mbili kutoka kwenye duka la fundi, na aliyelaumiwa ni fundi.

Kwa hiyo siku ya kuichukua, usiondoke haraka. Mwambie fundi aingie kwenye menyu mbele yako, akuonyeshe TV haiko "Store", kisha akuonyeshe namba ya taa. Aishushe hadi 50 au 60, na aandike kwenye risiti kama amebadilisha stripu zote au kijitaa kimoja. Anayekataa kuandika, mwulize kwa nini.

Mtaniambia picha itakuwa hafifu. Jaribuni leo usiku: shusheni hadi 50, kaeni dakika kumi macho yazoee, kisha rudisheni 100 ghafla, halafu mniambie ni ipi iliyowafanya mfinye macho.