Spika za pande zote: Muziki si wa kiti cha baba pekee

KATIKA nyumba nyingi za mjini kuna kiti kimoja ambacho hakuna athubutuye kukikalia mwenye nyumba akiwapo. Kiti hicho hutazamana na televisheni, na spika mbili huwekwa moja kushoto na nyingine kulia. Anayeketi hapo husikia gitaa likilia upande huu, ngoma upande ule, na mwimbaji katikati kana kwamba amesimama juu ya meza. Mama aliye karibu na mlango wa jikoni husikia nusu ya wimbo, nao watoto walioketi mkekani huambulia mngurumo tu.

Si kwamba spika hizo ni mbovu. Ndivyo zilivyoundwa. Spika ya kawaida ni sanduku lenye koni zinazotazama mbele. Sauti nzito, kama ile ya gitaa la besi, husambaa chumba kizima kama moshi kwa sababu wimbi lake ni refu. Sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 3.4. Lakini sauti nyembamba ya mitetemo 10,000, kama mlio wa matoazi, ina wimbi la sentimita 3.4 tu, na hiyo husonga mbele kama mwanga wa tochi. Aliye kando ya mwanga huo hubaki na uzito wa muziki bila utamu wake.

Ndipo wakaja mafundi waliojiuliza: Je, kwa nini sauti isitoke pande zote, kama inavyotoka kwenye ngoma au kwenye kinywa cha kengele?

Nchini Marekani, Amar Bose alinunua mitambo ya muziki ya bei ghali mwaka wa 1956 akiwa mwanafunzi, na haikumridhisha. Alitambua kwamba katika ukumbi wa muziki, sehemu kubwa ya sauti inayomfikia msikilizaji huwa imegonga kuta na dari kwanza. Mwaka wa 1968 kampuni yake ilitoa spika aina ya 901 yenye koni 9, moja ikimtazama msikilizaji na 8 zikitazama ukuta wa nyuma. Mmarekani mwingine, Lincoln Walsh, alibuni koni iliyoinamishwa kutazama chini, ili sauti itoke kuizunguka. Nchini Uswidi, Stig Carlsson naye alishughulikia spika za kutawanya sauti katika miaka ya 1960.

Siku hizi ziko za aina nyingi. Baadhi zina koni inayotazama juu, na juu yake kuna kitu chenye umbo la pia kinachoitawanya sauti huku na huku. Kampuni ya mbl ya Ujerumani hutumia vipande vyembamba vilivyopindwa na kusimamishwa kama vipande vya tikiti. Vinapotetemeka, umbo zima hufura na kunywea, na sauti hutoka kote. Hizo bei yake ni ya gari. Kwa upande mwingine kuna vile vidude vya mviringo vinavyowekwa juu ya kabati, kama HomePod ya kampuni ya Apple iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2018, ambayo ile ya kwanza ilikuwa na spika ndogo 7 zilizopangwa duara.

Basi, je, familia ikimbilie dukani? Hebu tusubiri kidogo.

Anayenunua spika ya kawaida hununua spika. Anayenunua spika ya pande zote hununua spika pamoja na chumba chake, kwa maana kuta, dari na sakafu nazo zitaimba. Sikio la binadamu lina hekima yake: sauti iliyogonga ukuta ikichelewa kidogo tu, kwa kadiri ya sehemu 30 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, sikio huiunganisha na ile ya kwanza na kuona kwamba muziki umejaa. Ikichelewa zaidi na ikiwa na nguvu, inakuwa mwangwi. Na ikitoka karibu mno na ukuta, hizo mbili hugongana, baadhi ya sauti zikafifia na nyingine zikavimba.

Nyumba zetu nyingi zina kuta za mawe, sakafu ya saruji au vigae, na madirisha makubwa ya vioo. Hivyo vyote hurudisha sauti. Kabla ya kutoa hata senti moja, simama katikati ya sebule upige makofi mara moja kwa nguvu. Ukisikia mlio unaoendelea baada ya mikono kutulia, chumba hicho ni kikali. Zulia nene, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na kabati lililojaa vitabu vitakifaa zaidi kuliko spika mpya.

Jambo la pili ni nafasi. Spika ya aina hii isisukumwe pembeni ya chumba ikabanwa na friji. Iache kama mita moja kutoka ukutani, isipokuwa ile ambayo mtengenezaji ameiundia ukuta. Ikiwa sebule ni chumba kimoja kinachotumika pia kulala na kupika, mita hiyo ni mali, na ni heri kununua spika za kawaida zilizo nzuri.

Tatu, jiulizeni mnachosikiliza. Kwa taarab, rumba au kwaya, hasa watu wanapokula, kuzungumza na kupita huku na huku, spika za pande zote hazina mshindani. Kila mtu hupata wimbo mzima. Hata hivyo, yule mwimbaji aliyekuwa amesimama mezani sasa husikika kama yuko mahali fulani upande ule wa chumba. Kuna wasioweza kuvumilia hilo.

Filamu nazo zina mambo yake. Ndani ya filamu, maneno ya waigizaji lazima yaeleweke, na yatoke pale midomo ilipo. Katika chumba kikali, spika za pande zote huyafunika maneno hayo. Mpangilio unaofaa ni kuweka chini ya televisheni spika ya katikati inayotazama mbele, kisha zile za kutawanya sauti zikae nyuma, ambako kazi yake ni kuleta mvua, upepo na kelele za umati. Pia jihadharini na spika zisizo na waya za bluetooth. Baadhi huchelewesha sauti, mwigizaji akafunga mdomo kabla neno halijafika.

Ukienda madukani, iwe ni barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwingineko, usidanganywe na maandishi makubwa ya "wati 3,000 PMPO". Geuza mtambo usome nyuma kiasi cha umeme unaotumia. Mtambo unaovuta wati 60 hauwezi kutoa wati 3,000 za muziki mfululizo. Tafuta kipimo cha RMS. Na kumbuka kuwa spika inayotawanya sauti mara nyingi huhitaji kikuza sauti chenye nguvu zaidi, kwani sauti imegawiwa chumba kizima.

Omba kwanza usikilize taarifa ya habari, wala si wimbo wenye besi. Sote tunaijua sauti ya mtu inavyopaswa kuwa. Kisha tembea, ketia kila kiti, hata sakafuni. Ikiwezekana, elewana na muuzaji akuruhusu kurudisha baada ya kujaribu nyumbani, kwa sababu duka si sebule yako. Na usisahau kwamba kidude kimoja cha mviringo, hata kikisifiwa namna gani, hakiwezi kutenganisha kushoto na kulia kama viwili vilivyoachana.

Jirani naye? Kinachomkosesha usingizi ni besi, ambayo hupenya ukuta vivyo hivyo kwa spika ya aina yoyote, na kanuni za NEMA za mwaka wa 2009 kuhusu kelele zinamlinda. Inua wufa kutoka sakafuni, na ipunguze usiku.

Mwishowe, anayelipa huenda ni mmoja, lakini wanaosikiliza ni wengi. Mkienda kuchagua, nendeni pamoja na yule anayeketi karibu na mlango wa jikoni. Asikilize kwanza yeye, kisha mwenye kiti afuate.

Tukutane Jumapili ijayo.