Uthabiti si Utulivu

Tumezoea kuyatumia maneno "uthabiti" na "utulivu" kana kwamba ni pacha. Katika ushairi si hatia. Malenga huchagua linalotosha mizani. Katika hisabati ya mifumo inayobadilika, kuyachanganya ni kupoteza maana, nami naona wakati umefika tuyatenge.

Mwaka 1892 Mrusi Aleksandr Lyapunov alichapisha huko Kharkov tasnifu kuhusu uthabiti wa mwendo, akatofautisha mambo mawili. Itazame timazi inayoning'inia. Pasipo hewa wala msuguano, ukiisukuma kidogo ingebembea daima, isiende mbali wala isitue. Penye msuguano, mbembeo hufifia hadi ikatua. Hali ya kwanza ni kutokwenda mbali, naiita uthabiti. Ya pili ni kutokwenda mbali na kurejea, naiita utulivu. Na pale mwendo unapotua, ushairi una neno tayari: kituo.

Milinganyo isiyo ya mstari mara nyingi haitatuliki kikamilifu. Lyapunov alionyesha njia ya kuihukumu bila kuitatua: tafuta kipimo kimoja, mfano wa nishati, kilicho sifuri kituoni na chanya kandokando yake. Kisipoongezeka mwendo ukiendelea, mfumo ni thabiti. Kikipungua daima, ni tulivu.

Sarufi yetu inaunga mkono mgawanyo huu. "Thibitisha" imekwisha kushikwa na maana ya kuhakikisha. Fundi akisema "nimeuthibitisha mfumo", tutadhani ameukagua tu. Lakini "tulia" huzaa "tuliza" bila utata. Kidhibiti, kifaa kinachoupima mfumo na kuurekebisha kila unapokengeuka, kazi yake ni kuutuliza.

Wapo watakaosema utulivu ni neno la barazani, halifai maabara. Mbona "kazi" ni neno la shambani na sokoni, na fizikia ikalipa maana mahususi? Kwa fizikia, aliyesimama tuli na gunia kichwani halifanyii gunia hilo kazi yoyote, hata akitiririkwa jasho. Neno halikufa shambani kwa kuingia darasani.

Washairi ndio waliozoea kupima maneno yanayokaribiana, basi wasiwaachie wahandisi peke yao shughuli hii. Kuahidi kwamba chombo hakitakwenda mbali si kuahidi kwamba kitarudi. Lugha isiyotenga ahadi hizo mbili itamponza anayeitegemea.