WhatsApp yaziacha simu za zamani: ununue nyingine au ukae na uliyo nayo?

Tangu tarehe 1 Januari 2025, WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu zenye Android 4.4 au toleo la chini yake. Mwaka huohuo iliziacha pia iPhone 5s, iPhone 6 na 6 Plus, pamoja na simu za vitufe zinazotumia KaiOS. Kwa familia nyingi za Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na kwa majirani zao wenyeji, hiyo ni gharama ambayo hawakuipangia.

Imekuja wakati mgumu. Mwezi Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwenye msaada wa chakula kwa kukosa fedha. Pesa ya simu inatoka mfuko uleule wa unga na karo. Lakini vikundi vya akiba, makundi ya wazazi na sauti za ndugu walio mbali, vyote viko WhatsApp.

Jua kwanza shida iko wapi

Simu nyingi huachwa zikiwa bado nzima. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya "Kuhusu simu", usome toleo la Android. Ukikuta 4.4 au chini yake, jaribu kusasisha, ingawa simu nyingi za umri huo hazipati tena toleo jipya. Ukikuta toleo la juu zaidi na simu ni nzito tu, huenda imejaa. Futa video za makundi na programu usizotumia. Kama haikai na chaji, kubadilisha betri kwa fundi ni nafuu kuliko kununua simu.

Vipi kuhusu kuhamia iPhone?

Vijana wengi wanaitamani, na si bure: iPhone hupata masasisho kwa miaka mingi. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilivuka mchujo wa 2025. Lakini zile za bei rahisi sana sokoni mara nyingi ndizo zilizokwisha kuachwa au zinazokaribia kuachwa. Pia mazungumzo uliyohifadhi kwenye Google Drive hayafunguki kwenye iPhone. Ipo njia ya kuyahamisha, ila simu zote mbili lazima ziwe mkononi na zinafanya kazi.

Kwa mwenye pesa kidogo, Android yenye toleo la karibuni ndiyo salama zaidi. Chaja zake unaweza kuazima kwa jirani, na mafundi wengi wanaijua. Ukinunua iliyotumika, ya aina yoyote, hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake mbele yako kabla hujalipa. Simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine haikusaidii kitu.

Kumbuka pia kwamba kutuma na kupokea pesa kwa simu hakuhitaji simu janja. Kitochi kinatosha. Familia inaweza kuwa na simu janja moja ya wote na kitochi cha kila siku.

Linda namba kuliko simu

Simu inanunuliwa tena. Namba uliyoandikisha ofisini ikipotea, unaweza kukosa wito wa uhakiki au wa mahojiano.

- Tangu 2019, mkimbizi nchini Uganda anaweza kusajili laini kwa jina lake mwenyewe kwa kutumia hati zake za ukimbizi. Kama laini yako iko kwa jina la mtu mwingine, shughulikia hilo kabla ya kufikiria simu.
- Hifadhi mazungumzo na picha za hati zako kabla ya kubadilisha simu.
- Ukiuza simu ya zamani, toa akaunti zako na ufute kila kitu.
- Ukibadilisha namba, toa taarifa mapema kwa ofisi zote zinazokuhudumia.

Kwa sisi tunaotoa habari, somo ni moja. Kadiri matangazo yanavyohamia WhatsApp, ndivyo gharama ya kuyapata inavyomwangukia msomaji. Ubao wa matangazo, redio na kipaza sauti bado vina kazi. Tangazo la mgao ambalo mama mwenye kitochi hawezi kulipata bado halijamfikia anayehusika.