Krismasi na mwanafunzi aliye nje ya nchi: kwa nini mmoja hurudi na mwingine hubaki

Desemba ikikaribia, nyumba yenye mtoto anayesoma nje ya nchi huwa na swali moja: anarudi lini? Hapa Nyamagana, na katika vijiji vya Misungwi, Sengerema, Magu na Ukerewe, jibu huwa halifanani. Aliyeko Kampala anasema tarehe 18. Aliyeko China anasema labda Februari. Mwingine hasemi lolote, na simu yake haipatikani kama zamani. Hapo ndipo maneno huanza: mtoto kabadilika, mtoto katusahau.

Mara nyingi si hivyo. Kurudi nyumbani Krismasi kunaamuliwa na mambo matatu: kalenda ya chuo, mfuko wa nyumbani, na karatasi. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Kalenda ya chuo

Wanaosoma Uganda ndio wenye nafuu. Shule za sekondari huko hufunga muhula wa tatu mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na mwaka mpya wa masomo huanza kama Februari. Vyuo vikuu vingi huanza mwaka Agosti au Septemba, kwa hiyo mitihani ya muhula wa kwanza huisha Desemba. Mtoto akimaliza karatasi ya mwisho, anapanda basi.

China hali ni nyingine. Tarehe 25 Desemba kule ni siku ya kazi, na watu wanaingia darasani kama kawaida. Likizo yao kubwa hufuata Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari 20. Urusi nako, Wakristo wengi wa huko ni Waorthodoksi, na Krismasi yao ni Januari 7. Mitihani mingi ya muhula hufanyika Januari hiyohiyo. Uingereza vyuo hufunga katikati ya Desemba, lakini huo ndio wakati ambao dunia nzima inasafiri na nauli ya ndege iko juu.

Hili si jambo la leo. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama upande wa mashariki wa ziwa hili, alisoma Makerere kuanzia 1943. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, na hakurudi hadi 1952. Umbali ndio uliopanga, wala hakuwa amesahau kwao.

Mfuko wa nyumbani

Hapa ndipo penye kidonda, na ni nadra kuzungumzwa. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kuingia kwenye mtihani kabla hajakamilisha ada ya muhula. Kwa anayesoma Uganda, maana yake ni kwamba salio la ada, hela ya chumba, chakula cha wiki za mitihani na nauli ya kurudi vyote vinadaiwa kwa pamoja, Novemba na Desemba.

Sasa tuangalie shamba. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei. Mpunga wa kanda yetu nao huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Ikifika Novemba hela hiyo imeshatumika, na ndiyo kwanza familia inatafuta mbegu, dawa na vibarua, kwa kuwa mvua zimeanza na pamba inapandwa. Anayetegemea dagaa naye anajua kwamba kipato hupanda wakati wa giza na kushuka wakati wa mbalamwezi. Chuo hakihesabu hivyo. Kinadai kwa tarehe.

Kwa hiyo kijana aliye Kampala wiki hizi anaweza kuwa na deni ambalo nyumbani hawalijui. Anaona aibu kuomba, kwa sababu anajua baba kauza ng'ombe mwezi Agosti. Ananyamaza. Nyumbani wanaona kimya hicho ni kiburi, nao wananyamaza. Mwisho wake unaweza kuwa mtihani uliokosekana na muhula wa kurudia, yaani gharama kubwa kuliko deni lenyewe.

Ushauri wetu ni kwamba hesabu ya Desemba ifanywe Julai, hela ya mavuno ikiwa bado mkononi. Salio la muhula na nauli vitengwe kabla ya kuezeka au kununua pikipiki.

Karatasi na njia

Baada ya hapo kuna safari. Kutoka Kampala mwanafunzi hupita Masaka hadi mpaka wa Mutukula, kisha Kyaka, Bukoba, Muleba, Geita na Sengerema. Zamani mwisho wa safari ulikuwa kungoja kivuko Busisi, na msimu wa sikukuu foleni ilichosha. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Anayependa maji anaweza kupanda meli Bukoba hadi Mwanza.

Mpakani mambo ni mepesi kwa mwenye hati kamili. Pasipoti iwe hai, na kibali cha mwanafunzi kisiwe kimekwisha muda. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu. Nguo na vitabu alivyovitumia ni mizigo yake binafsi, lakini bidhaa mpya nyingi zitaulizwa ushuru. Kingine kinachowakuta wengi ni mifuko ya plastiki, ile inayoitwa kaveera Uganda. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo iachwe hukohuko.

Kwa anayerudi moja kwa moja baada ya kuhitimu, karatasi zina uzito zaidi. Cheti cha sekondari cha Uganda hupelekwa NECTA kupata ulinganifu kabla ya kuomba chuo hapa nchini. Shahada ya nje hupelekwa TCU kutambuliwa. Bila hayo, mwajiri au chuo kinaweza kumrudisha mlangoni. Tena chuo kinaweza kuzuia vyeti vya mwenye deni, hivyo anayeondoka bila kumaliza hesabu huenda akalazimika kurudi Kampala kwa ajili ya bahasha moja.

Kama harudi

Asiyeweza kurudi asiachwe peke yake. Vita vilipoanza Ukraine Februari 2022, wanafunzi wa Kitanzania walihitaji kujulikana waliko ili waelekezwe njia ya kutoka. Mtoto aliye mbali ajiandikishe ubalozini, na nyumbani kuwe na namba ya mwenzake mmoja anayesoma naye.

Kwa mzazi, mlezi, kaka au dada aliye na mtu nje, tunapendekeza maswali manne kwenye simu wiki hii. Mtihani wa mwisho ni tarehe ngapi? Unadaiwa kiasi gani, usinifiche? Pasipoti na kibali vinaisha lini? Nikikukosa kwenye simu, nimpigie nani?

Swali la pili ndilo gumu. Liulizwe kwa sauti ya chini, na anayeuliza awe tayari kusikia jibu bila kufoka. Kijana akijua kwamba anaweza kusema deni lake na bado akapokelewa nyumbani, familia inapata nafasi ya kutafuta njia mapema: kuomba chuo walipe kwa awamu, au kumwomba mjomba aongezee, kabla mlango wa chumba cha mtihani haujafungwa.