"Fuller" na kufua: neno lililomletea mwenzetu adhabu



Sisi kapita tunaandika leo juu ya neno moja la Kiingereza, fuller, kwa sababu lilimletea mwenzetu adhabu, na walioandika jina lake ni sisi wenyewe.

Ilikuwa katika saa ya Kiingereza. Tulikuwa tunasoma Malaki sura ya 3 katika ile Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Nabii anataja pale kazi mbili: ya yule anayesafisha fedha kwa moto, na ya fuller mwenye sabuni yake. Mmoja akajibu haraka kwamba fuller ni "plus plein", yaani kilichojaa zaidi. Tukacheka, ingawa hata sisi tulifikiri vile vile. Ndipo mwenzetu, ambaye baba yake anatengeneza majembe kwa resori za magari mabovu, akasema kwa sauti: "Mwalimu, ile iko kufula tu!" Alisema kwa Kiswahili. Kanuni ni kanuni: jina likaingia daftarini, na Jumamosi akachota maji peke yake.

Baadaye tulifungua kamusi. Alikuwa na haki.

Fuller wa kwanza ni mtu. Nguo ya sufu ikitoka kwa mfumaji ina mafuta ya kondoo, tena imelegea. Mtu huyo anaitia majini pamoja na udongo unaonyonya mafuta, anaipiga au kuikanyaga mpaka inatakata, inajikaza na kuwa nzito. Warumi waliikanyaga kwa miguu ndani ya mkojo uliokaa siku nyingi (msicheke, ndiyo ilikuwa sabuni yao). Halafu Ulaya wakaweka nyundo za miti zinazosukumwa na maji ya mto. Waingereza wanaoitwa Fuller, Walker au Tucker wamepata majina hayo kwa kazi hii moja.

Fuller wa pili ni chombo cha mfua chuma. Kina mdomo wa mviringo. Kinawekwa juu ya chuma chekundu na kupigwa nyundo, nacho kinachimba mfereji au kukirefusha chuma. Mfereji ule ulio katikati ya upanga nao unaitwa fuller. Watu husema ni njia ya damu. Sivyo: ni wa kupunguza uzito, upanga usiwe dhaifu.

Kamusi za Kiingereza huyaweka kama maneno mawili mbalimbali yanayoandikwa sawa. Sisi tunalo moja. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaweka chini ya fua kazi ya mhunzi, kufua nguo na hata kufua nazi, maana zote ni kupiga. Jiwe au chuma cha kufulia linaitwa fuawe. Hapa Kamanyola mdomoni tunasema kufula, na anayeshuka Ruzizi asubuhi anasikia nguo zinavyopigwa juu ya mawe. Sisi tulisikia kelele ile miaka yote, lakini mbele ya Malaki tulikaa kimya kama wageni.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Hatusemi kanuni ya lugha iondolewe uwanjani. Egzeta haifanywi kwa Kiswahili, tunajua, na asiyezoea Kifaransa atalia siku ile. Lakini katika saa ya Kiingereza, mwanafunzi anayepata maana kwa njia ya Kiswahili amejifunza Kiingereza, hakukimbia. Kumwadhibu ni kumfundisha kunyamaza. Tangu Jumamosi ile yeye hanyooshi mkono tena, na tuliona.

Tunamwomba Prefe na baraza la walimu waturuhusu tusiandike majina katika saa hiyo. Jina la mwenzetu tumelifuta kwa wino, bila ruhusa ya mtu. Na kama jibu ni hapana, tutaendelea na daftari, ila jina la kwanza litakuwa letu, kwa maana makala haya tumeyaandika kwa Kiswahili.